Sikio la Musembi na Bamvua la Machi

Kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, Musembi alijulikana kwa jina la Sikio. Jina hilo alipewa mwaka 1979, siku aliposimamisha injini ya pampu iliyokuwa ikinguruma vizuri kabisa mbele ya watu saba, akamwambia fundi mkuu kwamba beringi ya nyuma imeanza kulia. Wote saba walitega masikio, na hakuna aliyesikia kilio. Fundi mkuu, Ochola, aliifungua injini kwa shingo upande, akakuta beringi imepata ufa mwembamba kama unywele. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemwita Musembi kwa jina la babake isipokuwa karani wa mahudhurio.

Alikuwa mtu wa Kitui. Alishuka pwani mwaka 1975, akapewa koleo, akakwangua chumvi miaka miwili na nusu, miguu ikiwa imebabuka kwa maji makali ya vitalu. Kisha akawekwa msaidizi wa mzee aliyelinda pampu, na mzee yule alipostaafu alimwachia namna yake ya kufanya kazi. Namna hiyo ilikuwa kijiti cha mkoko, urefu wa shibiri moja na nusu. Ncha nene unaiegemeza kwenye ubavu wa injini, pale beringi ilipo. Ncha nyembamba unaitia sikioni. Sauti ya chuma hupanda kwenye ule mti mkavu na kuingia kichwani safi, imetengana na kelele nyingine zote. Musembi alikichonga kijiti chake kwa kisu hadi kikalitosha tundu la sikio lake la kulia kama kizibo kinavyoitosha chupa. Kila saa, injini ikiwa inafanya kazi, aliisikiliza mahali panne. Sikio la kushoto hakulitumia kazini hata siku moja. Hilo lilikuwa la watu.

Pampu yenyewe ilisimama kwenye ukingo wa hori, mkono wa bahari uliopenya nchi kavu, penye mikoko, na ilikuwa na masharti yake. Siku za maji mafu bahari haikuufikia mdomo wa bomba. Ilibidi lingojewe bamvua, zile siku chache za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ambapo maji hujaa kupita kiasi. Siku hizo hori ilifurika kwa saa tatu au nne, na ndani ya saa hizo pampu ilipaswa kuvuta bila kupumzika, ijaze bwawa kuu. Bwawa likijaa, vitalu vilipata maji ya wiki mbili, na vibarua mia mbili walikuwa na kazi. Bwawa lisipojaa, jua la kaskazi lilikausha vitalu vitupu na watu walirudishwa makwao kungojea bamvua lingine. Bamvua la Machi ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mtu aliyeshika pampu wakati huo alitembea Gongoni kama bwana harusi.

Basi Alhamisi moja ya katikati ya Machi 1985, siku nane kabla ya bamvua, waliiwasha injini kuijaribu. Musembi alichukua kijiti chake, akakiegemeza mahali pa kwanza, akafumba macho. Sauti ilimjia kutoka mbali, imezibwa, kama ya mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Akahamia mahali pa pili, kisha pa tatu, kisha pa nne. Kote blanketi. Akakipangusa kijiti, akakikaza zaidi sikioni, akarudia tangu mwanzo. Sasa hata ule mngurumo mdogo ulikuwa umefifia.

Alimwendea Ochola akamweleza kwa uhakika wa daktari. Mafuta hayapiti, alisema. Beringi zote zimeshika uzito kwa pamoja, jambo ambalo hajawahi kuliona. Ochola alikuwa mtu mkubwa wa mwili kutoka kando ya ziwa, mwenye maneno machache, na hakuwa na sababu ya kumtilia shaka. Aliamuru injini ifunguliwe. Ilifunguliwa Alhamisi adhuhuri, ikashinda wazi Ijumaa nzima, vipande vyake vimepangwa juu ya gunia kama samaki wa mnada. Kila kipande kilioshwa kwa dizeli na kukaguliwa. Hakikuonekana kipande chenye dosari.

Waliporudisha vyote na kuiwasha, Ochola alikiomba kijiti. Alikitia sikioni mwake, akasikiliza mahali pote panne, taratibu. Kisha akazunguka, akasimama nyuma ya Musembi, upande wa kulia, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba pampu inashika moto. Musembi, aliyekuwa amechutama akipangusa nati, aliendelea kuipangusa nati.

Nzai, kibarua wa hapo hapo Gongoni aliyekuwa ameshika taa, alicheka mpaka akakaa chini.

"Injini haina ugonjwa," Ochola alimwambia Musembi alipogeuka kuona kinachochekwa. "Mgonjwa ni wewe."

Alisema hayo bila ukali, na kwa hiyo yaliuma zaidi. Siku mbili za kazi zilikuwa zimepotea, na msimamizi wa kiwanda alikuwa amekwisha kupita mara tatu kuuliza. Ochola alitoa uamuzi papo hapo: kuanzia kesho Nzai angesimama penye pampu. Bamvua lingeanza Ijumaa ya wiki inayofuata. Musembi akiwa anasikia siku hiyo, atarudi mahali pake. Akiwa hasikii, koleo lake la zamani bado lipo stoo.

Habari zilimtangulia njiani. Kabla hajafika nyumbani, Gongoni nzima ilikuwa imegeuka tabibu. Mmoja alimpa kijiti cha kiberiti na kumshauri azungushe ncha yenye baruti. Mwingine alisifu unyoya wa kuku, lakini uwe wa jogoo. Wa tatu alikuwa na hakika na mafuta ya taa. Wa nne alieleza jinsi mjomba wake wa Marereni alivyotibiwa kwa karatasi iliyosokotwa kama pembe, ikatiwa sikioni na kuwashwa moto upande wa pili, na uchafu wote ukavutwa nje. Alipoulizwa kama mjomba anasikia sasa, alisema anasikia, ila nyusi za upande ule hazikuota tena.

Musembi alikuwa amepanga chumba kwa Bi Mastura, mjane mwenyeji wa Mambrui aliyeolewa Gongoni na kubakia hapo. Jioni hiyo bibi alikuwa uani akichambua mchele pamoja na Monicah, mke wa Musembi.

"Shikamoo, Bi Mastura."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna hivyo? Nani kafa?"

Akawaeleza. Bi Mastura aliutikisa ungo, akapuliza makapi, akasema hiyo si habari ya kumnunisha mwanamume. Marehemu mumewe alikuwa na masikio ya namna hiyo kila baada ya miaka miwili, na hakuyachokoa hata mara moja. Dawa ilikuwa mafuta ya zeituni, matone machache ya uvuguvugu, na subira. Chupa anayo ndani, ameletewa na ndugu zake wa Mambrui, safi kabisa.

Monicah alikataa papo hapo. Kwao Machakos alikuwa na kaka aliyetiliwa mafuta sikioni, na kumbe ndani mlikuwa na kidonda na kiwambo cha sikio kimetoboka. Alikaa hospitali mwezi mzima. Akasema sikio halitaguswa na mtu kabla ya zahanati, hata na mumewe mwenyewe. Bi Mastura, ambaye hakuzoea kupingwa uani kwake, alimtazama, kisha akakubali kwamba maneno hayo yana akili.

Jumamosi asubuhi walimkuta tabibu Kazungu zahanatini. Wagonjwa walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha. Alimkalisha Musembi dirishani, akaushika upapi wa sikio, akauvuta juu na nyuma, akachungulia kwa kidude chake chenye taa. Alichungulia la kushoto, akarudi kwenye la kulia, akapiga mluzi mdogo.

"Unafanya kazi gani, bwana?"

Musembi alieleza kazi yake, na kwa kuwa aliona fahari juu yake, alikitoa na kijiti mfukoni. Kazungu alikipokea, akakigeuza, akaipima ile ncha nyembamba kwa kidole gumba. Hapo ndipo Musembi alipopata kusikia, kwa sikio lake la kushoto, jambo ambalo hakuwahi kuambiwa na mtu.

Nta ya sikio si uchafu, Kazungu alimweleza. Mwili huitengeneza ili kunasa vumbi na kuilinda ngozi ya ndani, na ikishamaliza kazi hutoka yenyewe, kidogo kidogo, mtu akitafuna na akizungumza. Anachotakiwa mwenye sikio ni kupangusa kile kilichofika nje, basi. "Sasa wewe nta yako ikifika mlangoni, unaishindilia ndani kwa kijiti. Kila saa. Kwa miaka mingapi?"

"Saba," alisema Musembi.

"Miaka saba unashindilia. Imekuwa kama sukari guru humo."

Monicah aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Kazungu hakucheka. Alisema nta imeziba njia yote na kwa hiyo hawezi kukiona kiwambo, ile ngozi nyembamba iliyowambwa ndani kama ya ngoma. Ilimpasa aulize. Je, sikio linauma? Limewahi kutoa usaha? Kuna homa, kuna kizunguzungu? Aliwahi kutobokwa na kiwambo utotoni, au kupasuliwa? Musembi alijibu la, la, la, mpaka mwisho. Jibu moja tu lingekuwa ndiyo, alisema Kazungu, angempeleka Malindi siku hiyo hiyo na kuwakataza kutia chochote. Kwa kuwa hakuna, wanaweza kuifanya kazi hii nyumbani, na aliikubali zeituni ya Bi Mastura.

Maagizo alimpa Monicah, kwa sababu aligundua mapema nani atayafuata. Mafuta yapashwe kwa kuiweka chupa ndani ya kikombe cha maji ya moto, si juu ya jiko. Yajaribiwe kwanza mkononi. Matone matatu, mara tatu kwa siku, mgonjwa akilalia ubavu dakika kumi. Afanye hivyo siku tano. Siku ya sita jioni waoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi joto la mwili. Yakiwa baridi au ya moto, dunia itamzunguka na atatapika. Watumie kipira laini cha mpira, kile cha kuvutia makamasi ya watoto wachanga, na wakibonyeze polepole. Yakitokea maumivu, waache mara moja na waje zahanati. Asitie kijiti, wala unyoya, wala ufunguo, wala moto.

"Na jambo la mwisho," alisema akiwa tayari anamwita mgonjwa mwingine. "Litazidi kuziba kabla halijazibuka. Nta hunywa mafuta, ikavimba. Msiogope."

Kijiti alibaki nacho yeye.

Jumamosi na Jumapili zilipita vizuri, nyumba ikinukia zeituni. Bi Mastura alisimamia dakika kumi kwa kuhesabu tasbihi na hakumruhusu mgonjwa kuinuka hata pungufu ya punje moja. Jumatatu Musembi aliomba kazi kwenye vitalu ili asikae bure, na vibarua walimsalimu kwa ishara za mikono, kama bubu. Alikuwa mtu wa kupenda utani, na mara nyingine angeujibu. Lakini siku hiyo aliweza kuiona pampu kutoka pale alipokuwa, na Nzai akiizunguka na kopo la mafuta, naye hakuwa na utani.

Jumanne adhuhuri, kama alivyosema tabibu, sikio liliziba kabisa. Musembi alijua kwamba ingetokea, lakini kulijua jambo hakumsaidii mtu linapomfika. Alilala ubavu kwa mafuta ya adhuhuri, na alipoinuka upande wa kulia wa dunia haukuwepo. Alipiga vidole pembeni ya sikio: kimya. Alisugua nywele: kimya. Alitazama kalenda ukutani. Zilibaki siku tatu. Alimfikiria yule mjomba wa Marereni, akaona kwamba nyusi si kitu cha lazima.

Monicah alipotoka sokoni kuuza mboga, alimkuta nyuma ya nyumba, karibu na baiskeli, ameshika spoku aliyoinoa jiweni. Ncha yake alikuwa ameizungushia pamba. Hakumpigia kelele. Alienda akasimama upande wake wa kushoto, akaishika ile spoku kwa mkono ulionyooka.

"Baba Easter," alisema, akimwita kwa jina la binti yao. "Nta tunaweza kuitoa kesho kutwa. Kiwambo ukikitoboa leo, kuna bamvua gani tena? La mwezi ujao? La mwaka ujao?"

Musembi alisema anataka kulegeza kidogo tu.

"Hata ile miaka saba ulikuwa unasikiliza kidogo tu."

Walishikana spoku kwa muda, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Mwishowe Musembi ndiye aliyeiachia. Monicah aliikunja mara mbili kwa goti na kuitupa shimoni.

Jumatano jioni alikuja mgeni asiyetazamiwa. Nzai alibisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuposa. Ilimchukua muda kufika alikokuwa anakwenda. Alikuwa ameshinda siku nne na injini, alisema, na haogopi kazi, lakini Ijumaa anaiogopa. Ochola amempa kijiti kipya, naye anakitia sikioni, na anachosikia ni kelele. Watu wanasema Musembi anasikia maneno humo ndani. Hayo maneno ni yapi?

Hapo Musembi alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Nzai asiposikia, mahali pa pampu pangebaki na pengo la umbo la Musembi. Alitazama viganja vya kijana huyo vilivyopasuka kwa chumvi, sawa na vyake vya zamani. Kisha akaanza kumweleza, kwanza kwa uchoyo, halafu kwa bidii, mpaka akawa anapiga meza kwa kijiko kuonyesha mwendo: hivi ndivyo injini inavyosema ikiwa imeshiba mafuta, hivi ikiwa na njaa, hivi maji yakiwa mazito kwa matope. Alimwambia pia atupe kile kijiti. Akitaka kuegemeza kitu, aegemeze kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, asikiingize tunduni. Hilo hakuwa ameambiwa na mtu. Lilimjia hapo hapo, na alilijaribu kwenye meza kwa sikio lake la kushoto, akashangaa kuona linafaa.

Alhamisi ilifika. Kipira kilikuwa kimenunuliwa Malindi, chekundu, kipya, na Monicah alikuwa amekichemsha. Maji yalipoa kwenye sufuria yenye kifuniko mpaka aliyamwaga juu ya kifundo cha mkono na hayakusema moto wala baridi. Bi Mastura alileta kiti kifupi, taulo, na bakuli jeupe la kauri ambalo kwa kawaida lilitoka wakati wa Idi.

"Leo mtu wa pampu anapigwa pampu," alisema, akaliweka bakuli chini ya sikio.

Musembi aliinamisha kichwa. Monicah aliuvuta upapi wa sikio juu na nyuma, kama alivyoona zahanati, akakielekeza kipira kwenye ukuta wa juu wa tundu badala ya katikati, akabonyeza polepole. Maji yaliingia, yakatoka safi. Akajaza tena. Yakatoka safi. Mara ya tatu yalitoka na rangi ya chai. Alimuuliza kama kunauma, kwa kumgusa bega, akatikisa kichwa. Mara ya nne, ya tano. Mara ya sita ulisikika mlio ndani ya kichwa cha Musembi, kama mtu anayevua kiatu kutoka kwenye tope, na kitu kikateleza kwenye shingo ya sikio na kuangukia bakuli.

Kilikuwa cheusi, kirefu kama kokwa ya tende, na upande mmoja kilikuwa na alama ya duara iliyobonyea. Ilikuwa chapa ya kijiti.

Lakini Musembi hakukitazama. Alikuwa ameinua kichwa ghafla, maji yakimtiririka shingoni, mdomo wazi. Sufuria ilikuwa ikitoa sauti. Maji yaliyobaki mle, yakitikisika, yalikuwa yakigonga kingo, na aliyasikia. Aliisikia taulo ikisuguana na shati lake. Alimsikia kuku akiparura nyuma ya jiko, na nyuma ya kuku, mtaa wa pili, redio ya mtu ikisoma habari. Alipiga vidole kulia, ikawa kama bunduki. Akacheka, akajisikia akicheka, akacheka tena kwa sababu hiyo.

"Semeni kitu," aliwaomba. "Semeni polepole."

Bi Mastura alikwenda upande wa pili wa ua, akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga, akanong'ona kwamba bakuli lake la Idi litasuguliwa kwa jivu na mwenye nta yake.

"Nitalisugua mara tatu," alijibu Musembi.

Monicah aliukausha mlango wa sikio kwa ncha ya taulo, akaishia hapo hapo mlangoni. Usiku ule, alisema baadaye, mumewe alimchosha. Kila mara aliuliza, kile ni nini, na kile?

Ijumaa saa nane alasiri maji yalianza kupanda kwenye hori. Yalipita mizizi ya mikoko, yakapita alama ya rangi nyeupe kwenye nguzo, na saa nane unusu yakaumeza mdomo wa bomba. Nzai aliuzungusha mpini, injini ikakohoa na kushika. Musembi alifika mbio, shati mkononi, akamwambia Ochola kwamba anasikia. Ochola aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa juu ya maji. Kila aliyetaka kurudi kazini angesema hivyo, alijibu. Bamvua si wakati wa kujaribu watu. Akae pembeni kwanza.

Akakaa juu ya tuta, hatua thelathini kutoka kwenye pampu, pamoja na vibarua waliokuja kutazama bwawa likijaa. Maji yalitoka kwenye bomba kubwa kwa mkupuo mnene, yakaangukia mfereji na kukimbia kuelekea bwawani, na watu walishangilia kama kawaida yao. Injini ilisema ile lugha ya kushiba mafuta. Nzai alikuwa akifanya vizuri. Musembi aliisikia kila duru yake, kwa masikio mawili. Hakuwa amewahi kuisikia kwa masikio mawili. Ilikuwa na upana.

Saa tisa na robo, katikati ya ule upana, aliisikia sauti nyingine. Ilikuwa ndogo, ya kufyonza, kama mzee anayekunywa chai ya moto. Ikaja, ikapotea, ikarudi. Haikutoka kwenye injini. Ilitoka upande wa hori, pale bomba la kuvutia linapoungana na pampu. Musembi alisimama. Alitazama mkupuo wa maji: bado mnene, hakuna aliyeona tofauti. Alijua pampu ikivuta hewa huwaje. Kwanza hunong'ona, kisha hutetemeka, na ikishaacha maji hairudi kuyashika mpaka isimamishwe na kujazwa upya kwa ndoo. Kwa kazi hiyo saa nzima ingekwenda, nalo bamvua lisingewangoja.

Alishuka tuta kwa kukimbia.

"Inakunywa hewa, Fundi," alimwambia Ochola. "Kiungo cha bomba, upande wa chini. Sasa hivi."

Ochola aliutazama mkupuo wa maji, akaitazama injini, akamtazama Musembi. Siku nane nyuma mtu huyu huyu alikuwa amemfungulisha injini nzima bure. Nzai, aliyekuwa ameinama na fimbo fupi nyuma ya sikio lake, aliinuka.

"Hata mimi nasikia kitu," alisema. "Sijui ni nini, lakini si cha jana."

Ochola alivua viatu, akaingia kwenye maji mpaka kiunoni, akapapasa chini ya kiungo. Alibaki ameinama hivyo kidogo. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka na kuomba mpira. Nzai alikata utepe kutoka kwenye tyubu ya baiskeli iliyokuwa ikining'inia ukutani, Musembi akapunguza mwendo wa injini, kiasi tu cha kulinda maji yasikatike, akiulegeza mkono kila alipoisikia ile chai ikinywewa na kuukaza iliponyamaza. Ochola alifunga, akazungusha, akafunga tena, maji sasa yakimfika kifuani. Kelele ya kufyonza ilififia, ikawa uzi, ikakatika.

"Bado?" aliuliza Ochola kutoka majini.

Musembi alifumba macho. Mikoko ilikuwa ikisuguana. Mkupuo ulianguka mfereji­ni. Injini ilisema ilivyopaswa kusema, na chini yake, kimya safi.

"Hakuna kitu," alisema.

Ochola alipanda ukingoni, suruali ikimwaga maji, akaja akasimama kati yao wawili. Aliamua kwa maneno machache, kama desturi yake. Zamu ni ya Musembi mpaka bamvua liishe, na Nzai hatoki hapo. Atajifunza hiyo kazi, kwa kuwa siku nyingine mtu mmoja anaweza kuugua. Kisha akawauliza wanangoja nini, maji si yanapita?

Musembi alikuwa tayari ameuongeza mwendo wa injini. Mkupuo ulirudi kuwa mnene, ukauvimbisha mfereji hadi ukingoni, na juu ya tuta watu walianza kukimbia sambamba na maji kuelekea bwawani, wakipiga vigelegele, na kutoka mahali aliposimama aliweza kumtambua kila mmoja kwa sauti yake.